Bomba la Mafuta na Gesi: Chuma Gani, Unene Gani, Kanieneo Gani?

Neno bomba katika Kiswahili limebebeshwa kazi nyingi. Bomba ni mfereji wa maji wa uani, bomba ni mtambo wa kuvutia maji kisimani, bomba ni sindano ya mganga, na bomba ni mrija mrefu uliofukiwa ardhini ukipitisha mafuta au gesi kutoka mkoa hadi mkoa. Makala haya yanahusu maana hiyo ya mwisho peke yake. Nia yake ni kumweleza mwalimu na mwanafunzi wa sekondari namna mhandisi anavyoamua bomba liwe la chuma cha aina gani, liwe na unene gani, liungwe kwa viungo vipi, na libebe kanieneo kiasi gani. Huonekana kuwa ni maamuzi manne. Kwa kweli ni uamuzi mmoja, kwa kuwa kila jibu linategemea majibu mengine matatu.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Bomba la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, lina urefu wa kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola nchini Zambia, nalo ni la vipenyo kati ya inchi 8 na inchi 12. Bomba la Mombasa hadi Nairobi lilifunguliwa mwaka 1978. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, lakini ilibidi kungoja miaka thelathini, hadi mwaka 2004, ndipo ikafika Dar es Salaam kwa bomba la inchi 12 chini ya bahari na la inchi 16 nchi kavu. Mwaka 2015 bomba la inchi 36 kutoka Mtwara likaongezwa. Na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani karibu na Tanga lilisanifiwa liwe na kilometa 1,443 na kipenyo cha inchi 24. Mabomba haya hupita kando ya mashamba, barabara, nyumba na shule. Kwa hiyo inafaa wakazi wa kando yake wajue hesabu iliyoyaweka pale.

Swali la kwanza analojiuliza mhandisi ni hili: kitakachopita ndani ni nini? Gesi ya Songo Songo karibu yote ni methani, nayo hukaushwa kabla ya kuingia katika bomba kuu. Gesi kavu na safi namna hiyo haina ugomvi na chuma cha pua cha kawaida. Mafuta ya Hoima ni habari nyingine. Yana nta nyingi, na yakiachwa yapoe huganda kama samli asubuhi ya baridi. Ndiyo maana bomba lake limesanifiwa likiwa na vazi la kuhifadhi joto pamoja na nyaya za umeme za kulipasha, ili mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 za Selsiasi hivi. Joto hilo nalo lina gharama yake. Chuma chenye urefu wa kilometa 1 kikiongezewa nyuzi 25 hurefuka kwa sentimeta 30, kwani kila meta ya chuma hurefuka kwa sehemu 12 za milioni kwa kila nyuzi moja. Lakini bomba lililofukiwa limebanwa na udongo, haliwezi kurefuka. Urefu ambao ungetokea hugeuka kuwa mkazo ndani ya chuma, na kwa nyuzi 25 mkazo huo ni kama nyutoni 60 kwa kila milimeta mraba. Kwenye vituo, ambako bomba hupita juu ya ardhi, mafundi hulipinda kama kitanzi ili lipate mahali pa kupumulia.

Sasa tuje kwenye kanieneo yenyewe, maana hapa mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kufanya hesabu ile ile anayofanya mhandisi.

Chukua kipande cha bomba chenye urefu L, kipenyo D na ukuta wa unene t. Kwa mawazo tu, kipasue katikati kwa urefu wake upate nusu mbili zilizolala kama mifereji miwili ya bati la nyumba. Kanieneo P iliyomo ndani inazisukuma nusu hizo ziachane kwa kani ya P × D × L. Kinachozizuia zisiachane ni chuma kilichopo kwenye kingo mbili, na kila ukingo una eneo la t × L. Ikiwa mkazo katika chuma ni S, kani ya kuzuia ni 2 × S × t × L. Kani hizo mbili lazima zilingane. Ondoa L pande zote mbili, na kinachobaki ni hiki:

P = 2 × S × t ÷ D

Mlinganyo huu huitwa kwa jina la Peter Barlow, mwanahisabati wa Kiingereza aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1862. Ni mfupi, lakini una mengi ya kufundisha. Kwanza, kipenyo kipo chini ya mstari. Bomba likiongezwa kipenyo mara mbili bila kuongezwa unene, uwezo wake wa kubeba kanieneo hupungua kwa nusu. Ndiyo sababu mrija mwembamba wa breki ya gari, ambao mtoto anaweza kuupinda kwa mkono, hubeba kanieneo ambayo ingelipasua pipa la mafuta mara moja. Pili, ukirudia hesabu hii kwa kukata bomba kwa mapana, kama akataye muwa, utakuta kwamba mkazo wa kulivuta bomba kwa urefu wake ni nusu tu ya mkazo wa kulipasua. Kwa hiyo bomba linalozidiwa huchanika kwa urefu wake, halikatiki. Soseji kwenye kikaango hufanya vivyo hivyo, na kwa sababu hiyo hiyo.

Katika mlinganyo, S si mkazo wowote. Ni mkazo ambao chuma kikiufikia hunyumbuka moja kwa moja, kisirudi kilivyokuwa. Taasisi ya Petroli ya Marekani huainisha vyuma vya mabomba kwa herufi X na namba inayoonyesha kikomo hicho kwa maelfu ya ratili kwa inchi mraba. Tukigeuza vipimo, X42 ni nyutoni 290 kwa milimeta mraba, X52 ni 359, X65 ni 448, na X70 ni 483. Faida ya chuma chenye nguvu zaidi huonekana kwenye uzito. Tuseme bomba la inchi 36 linahitaji ukuta wa milimeta 12 likitengenezwa kwa X70. Kila kilometa itakuwa na chuma tani 267 hivi. Bomba hilo hilo likitengenezwa kwa X42 litataka ukuta wa milimeta 20, yaani tani 441 kwa kilometa. Kwa safari ya kilometa 500 tofauti ni tani 87,000 za chuma, za kununua, kusafirisha kwa meli, kupakua bandarini na kubeba kwa malori. Lakini asidhani msomaji kwamba chuma chenye nguvu zaidi ni bora siku zote. Kadiri chuma kinavyoongezewa nguvu ndivyo kinavyozidi kuwa na masharti kwa fundi wa kuchomelea, na huko mbele tutaona mahali ambapo ugumu wenyewe ndio adui.

Hakuna mhandisi anayeruhusu bomba lifanye kazi hadi kikomo cha mlinganyo. Kanuni za Shirika la Wahandisi wa Mitambo la Marekani, ambazo hufuatwa katika nchi nyingi, huamuru jibu lizidishwe kwa kigawe cha usalama. Kwa bomba la gesi linalopita porini au mashambani kigawe cha kawaida ni 0.72. Nyumba zikianza kuwa nyingi ni 0.60. Katika vitongoji vya mji ni 0.50, na mahali penye maghorofa na msongamano ni 0.40. Sharti hili linapendeza kwa sababu halipimi chuma, linapima watu. Chuma ni kile kile na gesi ni ile ile, lakini bomba linalopita karibu na watu wengi hudaiwa uangalifu mkubwa zaidi.

Je, hesabu ikitimia, usalama umepatikana? Mji wa San Bruno, katika jimbo la California, ulitoa jibu jioni ya tarehe 9 Septemba 2010. Bomba la gesi la inchi 30 lililolazwa chini ya mtaa mwaka 1956 lilipasuka, gesi ikawaka, watu 8 wakafa na nyumba 38 zikateketea. Kipande cha bomba chenye urefu wa meta 8 na zaidi kilirushwa meta 30 hivi. Ilichukua dakika 95 kuizuia gesi isiendelee kutoka.

Na tupige hesabu yake. Kumbukumbu zilisema kwamba bomba lile lilikuwa la daraja la X42, lenye unene wa milimeta 9.5 na kipenyo cha milimeta 762, tena lisilo na mshono. Kwa mlinganyo wa Barlow, kikomo chake ni 2 × 290 × 9.5 ÷ 762, ambayo ni nyutoni 7.2 kwa milimeta mraba, au baa 72. Tukizidisha kwa 0.50 kwa kuwa palikuwa mjini, tunapata baa 36. Siku ile kanieneo haikufika hata baa 27. Kwa karatasi, basi, bomba lilikuwa salama kabisa.

Wachunguzi walipofukua walikuta jambo ambalo karatasi hazikulitaja. Mahali pale palikuwa na vipande vifupi vya bomba vilivyounganishwa, na baadhi yake vilikuwa na mshono wa urefu uliochomelewa kwa nje tu. Upande wa ndani haukuchomelewa. Sehemu ya unene wa ukuta ilikuwa haijashikana hata kidogo. Tena, bomba la inchi 30 lisilo na mshono halikuwa likitengenezwa katika kiwanda chochote cha Marekani wakati ule, kwa hiyo maelezo ya kumbukumbu yalikuwa ya kitu kisichokuwapo. Mlinganyo wa Barlow hukubali namba yoyote unayoupa. Hauwezi kujua kama t uliyoandika ipo kweli ardhini. Kwa sababu hiyo kila kipande cha bomba huja na cheti chake kutoka kiwandani, kikiwa na namba ya myeyuko wa chuma, vipimo vya kemikali na majaribio ya kukivuta. Na namba hiyo hupigwa chapa juu ya bomba lenyewe. Mtunza stoo anayeruhusu bomba lisilo na chapa liingie katika rundo la wenzake ameshiriki katika usanifu bila kujua.

Mabomba madogo ya vituoni yana desturi yake ya vipimo ambayo huwachanganya wanafunzi. Bomba liitwalo la inchi 6 lina kipenyo cha nje cha milimeta 168.3, nayo si inchi 6. Unene wake hutajwa kwa namba ya skedyuli: skedyuli 40 ni milimeta 7.1, na skedyuli 80 ni milimeta 11 kasoro kidogo. Kipenyo cha nje hakibadiliki, unene huongezeka kwa kuingia ndani. Ndivyo inavyotakiwa, ili viungo na vishikizo vile vile vitoshee bomba jembamba na nene. Mwanafunzi mwenye rula atapima ndani na nje asipate inchi 6 kamili popote. Kuanzia inchi 14 kwenda juu mambo hunyooka: jina na kipenyo cha nje huwa kitu kimoja.

Tuingie kwenye viungo. Katika bomba la masafa marefu, kiungo kinachopendwa ni kile cha kuchomelea, kwa sababu kikifanywa vizuri bomba lote huwa kitu kimoja. Kila mshono hupigwa picha ya eksirei au hupimwa kwa mawimbi ya sauti. Viungo vya kusokota kwa hesi hutumika kwenye mirija midogo tu, ya inchi 2 au pungufu, kwani kuchonga hesi ni kupunguza ukuta. Vali na pampu zinazohitaji kufunguliwa siku moja hufungwa kwa flanji, yaani visahani viwili vya chuma vinavyotazamana, vikiwa na gasketi katikati na bolti kuzunguka.

Flanji hupangwa kwa madaraja: 150, 300, 600, 900, 1500 na 2500. Watu wengi, hata mafundi wazoefu, hudhani namba hiyo ni kanieneo. Sivyo. Flanji ya chuma cha kawaida ya daraja la 150, ikiwa katika nyuzi 38 au chini yake, inaruhusiwa kubeba baa 19.6. Ya 300 hubeba baa 51, na ya 600 hubeba baa 102. Joto likipanda, ruhusa hushuka: katika nyuzi 200 ile ya 150 hubakiwa na baa 13.8, na katika nyuzi 400 hubakiwa na baa 6.5 tu. Chuma cha moto si chuma cha baridi, kama mhunzi yeyote ajuavyo. Kwa hiyo haitoshi kuuliza flanji inabeba kanieneo gani. Sharti uulize inabeba kanieneo gani katika joto gani.

Hapa ndipo makosa mengi ya vituoni hutokea. Tuseme bomba la inchi 16 la X52, lenye ukuta wa milimeta 9.5. Kwa kigawe cha 0.72 linaweza kubeba baa 120. Viungo vyake ni vya daraja la 600, kwa hiyo mfumo mzima sasa unaruhusiwa baa 102, si 120. Siku moja vali inaharibika, ya akiba haipo, na anayehusika anatafuta stoo anapata vali ya daraja la 300 yenye kipenyo kile kile. Tundu za bolti hazilingani, na kutolingana huko kumewekwa kwa hekima. Lakini anaichomelea vipande, inaingia. Tangu dakika hiyo bomba lote, kilometa zote za chuma kizuri, lina ruhusa ya baa 51.

Gasketi nayo isidharauliwe kwa udogo wake. Zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo imeachwa katika nchi nyingi kwa sababu vumbi lake husababisha maradhi ya mapafu. Siku hizi kwa kanieneo kubwa hutumika ile ya utepe wa chuma uliosokotwa pamoja na grafiti. Inafanya kazi tu ikiwa imebanwa sawasawa, ndiyo maana bolti hukazwa kwa kuvukana, moja upande huu na nyingine upande wa pili, kama fundi wa magari anavyokaza nati za gurudumu, tena kwa spana yenye kipimo.

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, katika jukwaa la mafuta la Piper Alpha kwenye Bahari ya Kaskazini upande wa Uskoti, vali ya usalama ya pampu moja ilikuwa imeondolewa ili ikakaguliwe. Mahali pake palifunikwa kwa flanji kipofu, yaani kisahani kisicho na tundu katikati, ambacho hakikukazwa kiasi cha kuzuia mvujo. Pampu ya pili ilipozimika, waliokuwa zamu waliiwasha ile ya kwanza, bila kujua kwamba vali yake haipo. Mafuta mepesi yakavuja, yakalipuka. Walikufa watu 167. Uchunguzi wa serikali ulioongozwa na jaji Cullen, uliotolewa mwaka 1990, ulizungumza sana juu ya vibali vya kazi na kupashana habari wakati wa kubadilishana zamu, na kidogo tu juu ya chuma. Kisahani kile kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni kukazwa, na karatasi ya kumwambia mtu wa zamu kwamba hakijakazwa.

Baada ya kanieneo, adui wa pili wa bomba ni kemikali. Gesi nyingi hutoka ardhini zikiwa na maji na kaboni dayoksaidi. Vitu hivyo viwili vikikutana huwa asidi ya kaboni, ile ile iliyo katika soda, nayo hula chuma polepole, hasa mahali bomba lilipoteremka bondeni maji yakatuama. Dawa yake ni kuikausha gesi, au kuongeza kemikali za kuzuia kutu, au kuongeza unene wa ziada ambao kutu itakula kwa miaka 20 au 30 bila kugusa ule wa kubeba kanieneo, au kutumia chuma chenye kromiamu. Chaguo la mwisho ni ghali mno kwa masafa marefu.

Salfidi ya haidrojeni, ile gesi yenye harufu ya yai viza, ina ubaya wa namna nyingine. Chuma kinapoliwa, atomu za haidrojeni huzaliwa juu ya uso wake. Kwa kawaida huungana mbilimbili na kuondoka kama mapovu. Salfidi huzizuia zisiungane, na atomu moja moja ni ndogo kiasi cha kupenya ndani ya chuma chenyewe. Huko hukaa mahali penye mkazo mkubwa, na chuma kigumu hupasuka ghafla kama kigae, bila kunyumbuka kwanza. Chuma laini zaidi huvumilia. Kwa hiyo mahali penye gesi hii kanuni huweka kikomo cha juu cha ugumu: chuma cha kawaida kisizidi 22 katika kipimo cha Rockwell C, na sharti hilo ni kwa mshono na pembeni mwa mshono pia, kwani joto la kuchomelea likipoa haraka huacha vidonda vigumu.

Uwanja wa mafuta wa Kashagan, katika Bahari ya Kaspi nchini Kazakhstan, una gesi hii kwa wingi. Ulianza kutoa mafuta mwezi wa Septemba 2013, baada ya mabilioni ya dola kutumika. Haukupita mwezi, mvujo ukaonekana, na uzalishaji ukasimamishwa. Uchunguzi ulikuta nyufa za salfidi. Haikuwezekana kutia viraka. Mabomba yote mawili, la mafuta na la gesi, urefu wa jumla wa kilometa 200 hivi, yalilazimika kuwekwa upya kwa mabomba yaliyovikwa ndani aloi isiyoliwa. Mafuta yalitoka tena mwezi wa Oktoba 2016. Miaka mitatu ilipotea, na mlinganyo wa Barlow haukuwa na kosa lolote katika jambo hilo.

Kwa nje, bomba hulindwa na udongo wenye unyevu kwa vazi la plastiki, na pale vazi linapochubuka hulindwa kwa umeme. Wazo hili ni la Humphry Davy, ambaye mwaka 1824 alipendekeza shaba iliyovikwa meli ilindwe kwa vipande vya metali inayoliwa kwa urahisi zaidi. Mwalimu anaweza kulionyesha darasani kwa misumari miwili ndani ya maji ya chumvi, mmoja ukiwa umefungwa kipande cha zinki kutoka betri kuukuu ya tochi. Baada ya siku chache tofauti itaonekana kwa macho.

Ndani ya mitaa ya miji, gesi ikishapunguzwa kanieneo, chuma si lazima. Mabomba ya polithini hutosha. Ukiwa na kipenyo mara 11 ya unene wa ukuta, polithini ya daraja la 100 huruhusiwa hadi baa 10, tena haishiki kutu. Lakini sharti ifukiwe, kwa kuwa jua huizeesha na moto huiyeyusha.

Kabla ya bomba la chuma kupewa gesi au mafuta hujazwa maji na kusukumwa hadi kanieneo ya juu kuliko ile ya kazi: mara 1.25 kwa bomba la mafuta, na zaidi ya hapo kwa gesi katika miji. Kwa nini maji, wakati kuyapata porini ni taabu na hewa ipo bure? Kwa sababu maji hayabanwi. Meta moja ya ujazo ya maji katika baa 100 imehifadhi nishati ya kilojuli 23 hivi, na ukuta ukipasuka maji humwagika, basi. Ujazo huo huo wa hewa katika kanieneo hiyo hiyo umehifadhi zaidi ya mara mia tano ya nishati hiyo, nayo ni kama kilo kadhaa za baruti kali. Jaribio la hewa lililoshindwa ni mlipuko.

Limebaki jambo ambalo kiwanda hakiwezi kulijaribu. Bomba huwekwa mara moja, lakini mji hukua. Tarehe 12 Septemba 2011, katika kijiji cha Sinai jijini Nairobi, petroli iliyovuja kutoka mfumo wa bomba iliingia katika mtaro uliopita kati ya nyumba zilizosongamana. Watu wakaja kuchota, ikawaka moto, na zaidi ya mia moja wakafa. Mahali palipokuwa pori siku ya kulaza bomba panaweza kuwa mtaa baada ya miaka ishirini, na kwa bomba la gesi kanuni hazisamehi: kigawe cha usalama hushuka nyumba zinapoongezeka. Lile bomba letu la mfano la inchi 16, lililoruhusiwa baa 120 kwa hesabu ya porini, katika mtaa linaruhusiwa baa 84, na katikati ya maghorofa baa 67. Mwenye bomba atashusha kanieneo, na mitambo ya umeme iliyo mwisho wa njia itapata gesi kidogo. Au atafukua na kuweka bomba nene zaidi. Au nyumba hazitajengwa katika ukanda ule. Vigingi vya rangi vinavyoonekana kando ya njia ya bomba vipo kwa ajili ya chaguo hili la tatu.

Kwa mazoezi ya darasani: bomba la inchi 36, lenye kipenyo cha nje cha milimeta 914, litapitisha gesi kwa kanieneo ya baa 90, nayo ni nyutoni 9 kwa milimeta mraba. Chuma ni X70. Wanafunzi watafute unene wa ukuta mashambani kwa kigawe cha 0.72, kisha mtaani kwa 0.50. Wanapaswa kupata milimeta 11.8 na milimeta 17.0. Waulizwe pia vali zake ziwe za daraja gani. Atakayejibu 300 aelekezwe kurudia aya ya flanji.